Msomaji wa Kwanza

Mke wangu ameua watu kumi na tisa
na hajawahi kuchinja kuku.
Wa kwanza alimsukuma kutoka gatini, hapa hapa Otaru,
mwaka ule barafu ilipokawia kuyeyuka.
Wa kumi na tisa bado yumo sura ya nne, rasimu ya tatu,
hajajua kwamba chai yake si chai.

Saa kumi alfajiri namsikia akiwasha hita.
Penseli, kichongeo, kifutio.
Watu hudhani kazi hii ni radi na milango inayolia.
Ni vumbi la kifutio kwenye sweta.
Ni mwanamke wa miaka sabini na mmoja
akijiuliza kwa sauti, dirisha lilifungwa kwa ndani?
na kuinuka kulifunga, kulifungua, kulifunga,
hadi theluji imeingia sebuleni
na supu ya miso imepoa.

Nami nina fungu langu.
Miaka thelathini na minne niliendesha treni ya kusukuma theluji,
kwa hiyo nyendo za wauaji wake nimezipanga mimi.
"Shozo, treni ya saa tatu na dakika saba
itamfikisha kabla maiti haijapoa?"
Haiwezi, nasema. Januari, kwenye kona ya Zenibako, haiwezi.
Akafuta sura nzima. Hakuninunia.
Naam, alininunia. Siku mbili tu.

Kuna usiku tuliburuta gunia la mchele, kilo sitini,
kutoka mlangoni hadi kwenye mfereji,
ajue kama mwanamke wa kimo chake angeweza.
Aliweza. Alipumzika mara tano.
Bibi Kumagai alituchungulia nyuma ya pazia,
na tangu siku hiyo hutuletea achari ya figili
kwa adabu iliyozidi kipimo.

Kanuni yake ni moja:
ukitaka kuficha kitu, kiweke mezani.
Kiweke katikati ya orodha, kiwe cha tatu,
maana jicho la msomaji hushika cha kwanza
na kukimbilia cha mwisho.
Kisha piga simu. Mwaga chai. Lete paka.

Zamani nilikuwa namkamata.
Nikifika ukurasa wa tisini naandika jina la muuaji,
nakunja karatasi mara nne,
naiweka chini ya kikombe chake.
Vitabu kumi na vinane, nimepatia kumi na vinne.
Alichukia sana. Alipenda sana.

Jana nilimaliza muswada huu mpya, nikapiga paja:
kumbe ni mpiga piano! Sikumdhania hata kidogo!
Akatabasamu, akanishukuru,
akaenda kusugua sufuria isiyo na masizi.
Ndipo nikaona pembeni mwa ukurasa wa mwisho,
kwa mwandiko wangu: Mpiga piano! Sikumdhania.
Na chini yake tena, kwa wino mwingine.

Kwenye mlango wa friji kuna karatasi
niliyodhani ni ya riwaya:
maziwa,
takataka za plastiki Alhamisi,
binti yetu anaitwa Chinami,
betri za redio,
zima gesi.

Nilisimama pale hadi miguu ikafa ganzi.
Mhariri alipiga simu kutoka Tokyo.
Chai ilimwagika, sijui nani aliimwaga.
Paka hatuna.
Cha tatu, Hatsue.
Hata mimi umeniwekea cha tatu.

Usiku nilichukua karatasi, nikaandika neno moja: Najua.
Nikaikunja mara nne,
nikaiweka chini ya kikombe chake.

Asubuhi niliikuta chini ya kikombe changu.
Hita inaunguruma, penseli inachongwa,
yeye hageuki.
Mwandiko, nadhani, ni wangu.